Buku la Mshipi

Mchezo wenyewe mwepesi kinoma. Unachukua noti ya buku, unaitoboa pembeni kwa sindano, unaifunga mshipi ule mwembamba wa kuvulia, halafu unailaza katikati ya njia, sura ya Mwalimu ikiangalia juu. Wana mnazama nyuma ya ukuta wa nyumba ya kona, mmoja kashika ncha ya mshipi, wengine mmejiziba midomo kwa fulana. Hapo ni Ngamiani, Tanga mjini, moja ya zile barabara zetu za namba, saa kumi na mbili jioni, watu wanarudi makwao na baiskeli. Anakuja bishoo mmoja, kachomekea, anaiona buku. Anacheki kulia, anacheki kushoto. Anajifanya anafunga kamba za viatu, na huku kavaa ndala. Anainama. Unavuta. Noti inaruka hatua mbili kama chura, naye anaifuata hivyo hivyo kainama, inaruka tena, anaifuata tena, mpaka anafika kwenye kona na kutukuta watoto sita tunagaragara chini.

Wiki ile tulipata wateja wa kila aina. Utingo wa daladala aliyejirusha kama golikipa. Mama wa vitumbua aliyetutoa nduki na upawa wake wa moto mpaka barabara ya pili. Jamaa mmoja aliyeokota patupu, akajipukuta magoti, akaendelea na safari akipiga mluzi kama vile ardhi ndiyo iliyomwita. Huyo namheshimu mpaka leo.

Jioni ya tatu akatokea mzee na Phoenix yake, carrier imebeba gunia la machungwa ya Muheza. Akaiona. Hakuangalia kulia wala kushoto. Akashuka, akasimamisha baiskeli kwa stendi, taratibu, kama mtu aliyefika kwake. Akaikanyaga noti kwa kiatu. Mwana aliyeshika mshipi akavuta, wapi! Mzee akatoa kisu kidogo cha kumenyea machungwa, akainama, akakata mshipi, tsk. Akaiokota buku, akaiinua kwenye mwanga kuhakiki kama ni halali, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Asalaam aleikum, wajukuu zangu," akauambia ukuta. Ukuta kimya. "Kesho wekeni ya elfu kumi. Hii haitoshi hata samaki wa watu wawili."

Akapanda baiskeli, huyoo.

Noti ile ilikuwa ya maza, kanituma mafuta ya kula. Ya usiku ule siyaelezi.

Kitaa hali kama ile ina jina: tumeingizwa mjini. Na msidhani wa kuingizwa mjini lazima awe ametoka shamba na kuku kwapani. Unaweza kuwa umezaliwa Chumbageni, shule umesomea Chumbageni, demu wako wa Chumbageni, na bado ukaingizwa mjini mchana kweupe. Yapo na mengine. Kupigwa changa la macho. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kufungwa kamba, kulishwa fiksi, kuzugwa, kutolewa nishai mbele za watu. Lugha yenye majina mengi hivyo kwa jambo moja, ujue wenyewe wanalifanya sana. Vuka pale Horohoro uingie Lungalunga, utawakuta wenzetu wa Sheng nao wana lao, mchongoano, wa kuchanana kwa maneno: mara umasikini wenu, mara upara wa mshua wako. Sisi huku maneno tunayo ya kutosha, wala hatujapungukiwa, ila raha yetu ni tukio. Mtu aanguke kwenye mtego kwanza, maneno yatakuja yenyewe.

Na mji wenyewe ndio mwalimu wetu. Nenda Mapango ya Amboni, uliza pango linaishia wapi. Utapewa stori ya mbwa aliyeingia huku akatokea huko mbali, na kila msimuliaji ana mwisho wake: huyu Mombasa, yule Kilimanjaro. Anakusimulia kakaza uso hata ukope haumchezi. Uliza mkonge ulifikaje Tanga, utaambiwa Mjerumani aliuficha tumboni mwa mamba aliyekaushwa. Yaliyoandikwa ni kwamba Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Nakubali kwamba stori ya mamba ni tamu zaidi. Halafu kuna ile ya Novemba 1914, Waingereza walipoteremsha jeshi la watu kama 8,000 kuuchukua mji huu, wakakutana na kikosi cha von Lettow-Vorbeck ambacho hakikuwa hata robo yao, wakachapwa, na juu yake wakashambuliwa na nyuki. Walipoondoka wakadai Mjerumani aliitega mizinga kwa nyaya, ukigusa tu nyuki hao. Ukweli ni kwamba nyuki walichanganyikiwa na risasi, wakauma kila mtu, Mjerumani kwa Mwingereza. Ila mtu ukichezea kipigo cha aina ile lazima utafute wa kumsingizia.

Mimi nilipelekwa shule ya bweni milimani, siitaji, bado nina marafiki kule. Kidato cha kwanza unaitwa njuka, na njuka ni mali ya umma. Usiku wa kwanza kaka mmoja wa kidato cha tatu akaniita katikati ya bweni, akaniambia kwa upole kabisa kwamba umeme wa mlimani ni tofauti na wa pwani, huku taa inazimwa kwa kupuliza, nami ndiye wa zamu. Nikapanda juu ya kitanda, nikapuliza balbu. Haijazimika. "Vuta pumzi, dogo. Wa Tanga mjini mnakula mihogo tu, hamna mapafu." Nikapuliza tena. Mara ya saba, kwenye kona ya mlango ambako sikuangalia, mkono ukashuka kwenye swichi, giza. Bweni zima likashangilia kama Coastal Union imefunga. Nikalala kifua mbele. Usiku wa pili hakuna aliyeniita, nikapanda mwenyewe. Wiki nzima, wanangu. Wiki nzima nilikuwa nazima taa kwa pumzi, mpaka njuka mwenzangu mmoja, mwenye roho nzuri, akanivuta pembeni akaniambia, "Cheki mlangoni."

Mwaka uliofuata mkono wa kwenye swichi ulikuwa wangu. Hapo sina kesi. Ila yalikuwepo mengine pale bwenini ambayo hayakuwa masihara, nami sitaki kuyapaka rangi: kumwagia dogo maji ya baridi usiku wa manane, kumpimisha bwalo kwa njiti ya kiberiti mpaka magoti yachunike. Tofauti niliiona mapema japo sikuwa na maneno yake. Yule wa balbu nilikuja kumlipa: nilimshonea mfuko wa suruali ya sare asubuhi ya ukaguzi, akasimama mstarini anapapasa paja kama kaliwa na siafu, na wote tukacheka, yeye wa kwanza. Wa kumwagiwa maji alimlipa nani? Masihara ni mkopo. Ukimfanyia mtu, umemkopa, naye ana haki ya kudai siku yake. Ukimfanyia asiyeweza kudai, huo ni wizi tu, hata mkicheka namna gani.

Watu wa huku wameuweka mkopo huu kwenye kanuni toka enzi. Unaitwa utani, na kama unadhani utani ni kuchekeshana tu, bado hujafika kwenye msiba wa upande wetu.

Babu yangu mzaa maza, Mzigua, tulimzika kijijini, Korogwe ndani ndani, jirani na shamba la mkonge. Siku ya pili ya msiba maza alikuwa hajafungua mdomo, kakaa ukumbini na kanga kichwani. Mara mlangoni kikasikika kikohozi. Kikohozi cha babu. Kile kile, mara tatu, cha mwisho kimerefushwa. Watu wakageuka. Ameingia mama mmoja wa makamo, Mnyamwezi, mtani wetu, babu yake alikuja kukata mkonge miaka ya mkoloni na hakurudi tena kwao. Kavaa koti la marehemu, kofia ya marehemu kaiinamisha upande ule ule, fimbo mkononi, anatembea kwa kuvuta mguu wa kushoto. Akapita katikati ya wafiwa akilalamika: chai hii nani kaweka sukari, mnataka kuniua mara ya pili? Kuku wangu mweusi nani kamla? Nyie mnaolia hapo kwenye nguzo, mwezi uliopita nilipoomba nauli ya kwenda Tanga mbona hamkulia? Akafika mbele ya maza, akamtazama, akasema kwa sauti ya babu, "We mtoto, funga mdomo, nzi wataingia." Maza aliyekuwa kaufunga siku mbili akaangua kicheko. Akacheka mpaka kanga ikadondoka, kisha kicheko kikageuka kilio, na yule mama akavua kofia ya babu akamkumbatia.

Kaburini ikawa zamu ya wanaume. Mtani mwingine karukia ndani ya kaburi, kajilaza chali, mikono kifuani. Chumba kimekuwa kidogo, anasema, mwenye nyumba alikuwa mrefu, na mimi sitoki mpaka kodi ilipwe. Wajomba wakachanga. Akahesabu, akasema hii ni kodi ya miguu, kichwa bado. Wakaongeza. Na huyu huyu ndiye aliyeshinda juani toka asubuhi akilichimba kaburi lile, kwa sababu mtani hana ruhusa ya kuchekesha tu. Jembe linamhusu pia.

Kuna Mwingereza mmoja aliyaona haya akashangaa mpaka akayaandika. R. E. Moreau hakuwa mtu wa mila hata kidogo, alikuwa mtu wa ndege: miaka ya 1930 hadi 1940 na kitu alikuwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo pale Amani, juu ya Muheza, anahesabu mayai na viota, na kuna kandege kadogo ka msitu wa Usambara Mashariki kanabeba jina lake kwenye vitabu vya sayansi. Huyo ndiye aliyekusanya habari za utani wa makabila ya Tanganyika na kuzichapisha mwaka 1941, na tena 1944. Nani ni mtani wa nani, nani anaruhusiwa kuchukua nini. Wazee wengi asili ya utani wanaieleza kwa vita: tulipigana, tukachoshana, tukapatana kwamba kuanzia leo tutapigana kwa midomo. Wahehe na Wangoni ndio mfano unaotajwa na kila mtu. Wengine wanaupeleka kwenye misafara, Wanyamwezi wakishuka na mizigo mpaka Pangani, wakihitaji mwenyeji njiani atakayewapa maji na, wakifa, atakayewazika. Huwezi kuzika mgeni wako bila kuwa na jina la uhusiano huo.

Sasa angalia hapa, maana mimi ilinichukua miaka kustuka. Msiba wa kweli unataniwa, tena mpaka ndani ya kaburi. Msiba wa uongo hautaniwi na mtu yeyote.

Chukua sikukuu ya wajinga. Tumeletewa, sote twajua, lakini tumeipokea kwa mikono miwili. Wenyewe Wazungu huwa wanaifanya kwa gharama. Tarehe 1 Aprili 1957 BBC walionyesha kwenye televisheni wakulima wa Uswisi wakivuna tambi mitini, zinaning'inia kama kamba, mabinti wanazichuma na kuzianika juani. Watu wakapiga simu kuuliza mbegu inapatikana wapi. Niliwahi kuisimulia kijiweni kwenye kahawa, mzee mmoja akaweka kikombe chini akasema, "Sasa walicheka nini? Si wangewaambia tu zinatoka kwa Mpemba wa dukani?" Kijiwe kikafa kwa kicheko, na mpaka sasa sijui mzee alikuwa anatuzuga au la.

Kwetu Aprili mosi ni simu. Umeitwa ofisi ya mtaa. Mzigo wako umefika bandarini. Demu wako wa zamani yuko stendi anakuulizia, kabeba mtoto. Hayo poa, mtu anapaniki dakika tano, anakutukana, mnakwenda kula mihogo.

Ila mwaka ule mimi nilitaka kubwa kuliko. Kulikuwa na mwana wetu wa Sahare, mtoto wa mvuvi, mpole, mgumu kuingizwa mjini kuliko wote. Ukimwambia jua limechomoza anatoka nje kuhakiki. Nikamtumia meseji: mgosi, dingi kaanguka pwani, tumemkimbiza hospitali, njoo. Mgosi ndivyo tunavyoitana huku, neno la watu wa milimani ambalo Coastal Union na wale jamaa wa hip hop, Mkoloni na Dk John, wamelipeleka nchi nzima na "Wagosi wa Kaya" yao. Neno la undugu. Ukimwita mtu mgosi umeshamwapia kwamba humdanganyi.

Tukamsubiri getini kwa hospitali, wana watano, soda mkononi. Akatokea. Alikuwa kifua wazi, bukta ya kazini, magamba ya samaki mikononi, ndala moja. Nyingine ilimtoka njiani wala hakusimama. Baiskeli aliiachia ikiwa bado inatembea, ikaenda yenyewe mpaka kwenye ua ikaanguka. Akatupita. Hakutuona kabisa, anakwenda mlangoni, midomo inamtembea, anasoma dua. Mmoja wetu akapaza sauti, "Sikukuu ya wajingaaa!"

Akasimama. Akageuka. Akatutazama mmoja mmoja kama anayehesabu abiria. Nilijiandaa kwa ngumi, kusema kweli niliitamani ile ngumi. Akaja mpaka kwangu, akasema, "Dingi mzima?"

"Mzima, mgosi. Masihara."

"Sawa." Akaomba maji. Akanywa, akaiokota baiskeli, akainyoosha usukani, akaondoka anakanyaga pedeli kwa mguu mmoja wenye ndala na mmoja hauna.

Mwaka 2018 ndipo nilipoonja kidogo uchungu wa msiba wa uongo. King Majuto wetu, Amri Athumani, mzaliwa wa huku 1948, mtu ambaye nusu ya ujanja wetu wa utotoni tuliudesa kwenye filamu zake, yule mzee bahili anayewapiga wenzake chenga kisha anajikuta yeye ndiye kapigwa, alikuwa mgonjwa. Alishazushiwa kifo kwenye simu za watu, familia ikabidi itoke kukanusha. Tarehe 8 Agosti ikaingia meseji kwamba kafia Muhimbili. Kijiweni hakuna aliyeamini. "Wazushi hao," tukasema, tukaendelea na bao. Mpaka redio ilipotangaza, kete zikabaki mikononi. Mtu aliyetuchekesha maisha yake yote tukashindwa hata kumlilia kwa wakati, kwa sababu wazushi walishatumaliza machozi ya kwanza.

Siku hizi mchezo umehamia kwenye kamera. Dogo anamvamia bibi anayeuza ukwaju, anamfanyia kiini macho na nyoka wa plastiki, mwenzake anachukua video, jioni inazunguka kwenye simu zote. Nimecheka kwenye chache, siwezi kujifanya mtakatifu. Lakini yule bibi namba ya dogo hana, kwao hapajui, na watu laki moja wamemwona kanga imemdondoka. Atadai kwa nani? Na kutoka hapo mpaka kwenye "ile hela tuma kwenye namba hii" ni hatua moja tu. Fundi wa meseji zile naye anasoma mtu anapaniki lini, kama sisi tulivyosoma pale ukutani, ila yeye mshipi wake ukivutwa unakuja na ada ya mtoto wa watu. Sheria nayo haijui sikukuu ya wajinga. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, ilipotungwa iliwekea kusambaza uongo wa makusudi wa kupotosha umma faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote kwa pamoja. Milioni tano ni buku ngapi za kufunga kwenye mshipi, piga mwenyewe.

Mwana wa Sahare hajawahi kunilipa. Ni miaka mingi sasa. Dingi yake alikuja kufariki kweli, kwa uzee, nikaenda, nikabeba jeneza, nikachota mchanga. Alinishukuru kama anavyomshukuru mtu yeyote. Tunakutana, tunapiga stori, alinichangia harusi, mkwanja wa maana. Ila kila tarehe 1 Aprili ananipigia. Mapema, baada ya alfajiri. Jina lake likitokea kwenye simu mimi huinuka kitandani, sipokei nikiwa nimelala.

"Mgosi, salama?"

"Salama, mgosi."

"Maza mzima?"

Hapo moyo unashuka mpaka kwenye ndala. Nasema mzima, halafu namaliza kusema ndipo naanza kujiuliza kama nina uhakika, niliongea naye lini, mbona jana hakupokea.

"Haya," anasema. "Leo dagaa wamepungua bei. Njoo na ndoo."

Anakata. Nami nampigia maza.